Bunduki na Bei Yake

Ukisimama Timau, msomaji, ukaielekea misitu ya Mlima Kenya, fahamu kwamba baada ya 1952 bunduki moja humo ilishinda fedha kwa thamani. Wapiganaji wa Mau Mau waliunda zao kwa bomba la maji, komeo la mlango na ukanda wa mpira. Nyingine zilimpasukia mpigaji mwenyewe. Tena aliyekutwa na risasi tu aliweza kunyongwa.

Miaka hiyo hiyo, huko Marekani, bunduki kuukuu za majeshi ziliuzwa kwa posta, hata kwa dola zisizotimia 20! Sheria ya 1968 ikaizuia biashara hiyo; akiba ikapungua, na leo wakusanyaji huzilipia mamia ya dola. Na yale mabomba ya msituni? Baadhi yamewekwa katika makumbusho ya vita, London.