Zawadi Inayosikiliza: Funzo la Tai wa Moscow

Tunapojadili ufuatiliaji wa siri, wengi wetu huanza na intaneti na simu za mkononi, kana kwamba tatizo hili limezaliwa juzi. Mimi huanza mbali zaidi, mjini Moscow, tarehe 4 Agosti 1945.

Siku hiyo watoto wa jumuiya ya Mapayonia wa Kisovieti walimkabidhi balozi wa Marekani, Averell Harriman, nembo ya taifa lake, tai aliyechongwa kwa mbao. Mataifa hayo mawili yalikuwa bado washirika vitani, na ni nani angekataa zawadi ya watoto? Nembo ikatundikwa katika chumba cha kazi cha makazi ya balozi. Ilikaa huko miaka saba, na mabalozi wanne wakapokezana chumba hicho.

Ndani ya mbao mlikuwa na kifaa kilichobuniwa na Leon Theremin, mwanafizikia aliyekwisha kujipatia sifa duniani kwa ala ya muziki inayopigwa bila kuguswa. Theremin alikamatwa na dola yake mwenyewe mwaka 1939, akatumikishwa katika maabara ya wafungwa.

Kuficha redio ndani ya kasha dogo si kazi nyepesi. Redio huhitaji umeme, lakini betri huisha na waya huonekana. Theremin aliviepuka vyote viwili. Kifaa chake kilikuwa kopo dogo la shaba lenye kiwambo chembamba na antena fupi. Wasovieti walikirushia mawimbi ya redio kutoka nje ya jengo. Sauti ya mzungumzaji ilitikisa kiwambo, mtikisiko huo ukayabadili mawimbi yaliyorudi, na msikilizaji akapata maneno. Mbao nazo ziliyapitisha mawimbi, jambo ambalo kasha la chuma lisingeliruhusu. Mawimbi yalipozimwa, kifaa hakikutoa ishara yoyote ya kuwasaidia wapekuzi.

Kilifichuliwa mwaka 1952. Balozi George Kennan alisoma waraka kwa sauti kana kwamba anamwandikisha katibu wake, huku mafundi wakiyafuata mawimbi hadi ukutani. Marekani ilinyamaza hadi Mei 1960. Ndege yake ya kijasusi aina ya U-2 ilipotunguliwa katika anga ya Kisovieti, ndipo ilipomwonyesha tai huyo mbele ya Baraza la Usalama. Kila dola ilikuwa na ushahidi dhidi ya mwenziwe, na hakuna iliyokuwa safi.

Sisi tunahusikaje? Mwaka 2012 Umoja wa Afrika ulifungua makao makuu mapya mjini Addis Ababa, yaliyojengwa kwa fedha za China. Mwaka 2018 gazeti la Ufaransa, Le Monde, liliripoti kwamba data za jengo hilo zilikuwa zikipelekwa Shanghai kila usiku. China ilikanusha. Ukweli uwe upande wowote, swali linabaki: kwa nini bara zima lilitegemea neno la mfadhili?

Sidai kwamba kila msaada una kiwambo ndani yake. Ninachodai ni kwamba urafiki si kipimo cha usalama. Mtumishi wa umma anayepokea kompyuta, kamera au mtambo wa mawasiliano anapaswa kuuliza nani amevifungua, nani amevikagua, na data zinalala wapi. Majibu hayo yatoke kwa wahandisi wetu wenyewe, waliosomeshwa na kulipwa na umma, kabla ya utepe kukatwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Na wakati mwingine umekitundika ukutani kwa heshima zote.