Bahari Yetu Haipendi Redio

Wadau, swali hili naulizwa kila nikiposti video za Diani: mbona droni inaruka mpaka kule mwambani na bado inaongea na simu, lakini kamera ikizama maji ya magoti tu simu inaipoteza? Wengi mnasema kamera ni feki. Hapana, ni chumvi.

Maji ya chumvi hupitisha umeme, na chochote kinachopitisha umeme hivyo humeza mawimbi ya redio. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 inakwisha ndani ya sentimita chache. Ukishusha masafa mpaka kilohezi 100 inapenya kidogo, lakini kila sentimita 80 hivi wimbi linabaki kama thuluthi tu ya lilivyokuwa.

Wazee wa teknolojia waliikwepa shida hii, hawakuitatua. Mwaka 1879 kampuni ya Eastern and South African Telegraph ililaza waya wa simu za maandishi kutoka Aden kupitia Zanzibar kuelekea kusini, na 1890 waya mwingine ukafika Mombasa. Ujumbe ulipita baharini, ndio, lakini ndani ya shaba iliyovikwa utomvu wa mti. Marconi naye, Desemba 1901, alitangaza kupokea herufi moja kutoka ng'ambo ya Atlantiki, ila ile ilipita juu ya maji. Hata 2009, TEAMS na SEACOM zilipotua Mombasa na intaneti ya kasi, bado ilikuwa waya. Miaka 130, ujanja ni ule ule!

Waliong'ang'ania redio ni wanajeshi wa nyambizi. Marekani ilijenga mtambo Wisconsin na Michigan, wa hezi 76 tu, ukafanya kazi 1989 hadi 2004. Antena zake zilikuwa nyaya za zaidi ya kilomita 100, na herufi chache zilichukua dakika kadhaa kufika. Nyambizi yenyewe ilisikia tu, haikuweza kujibu. Sasa hiyo utaifunga wapi Msambweni?

Wengine walichagua sauti. Fessenden alitambua mwamba wa barafu kwa mwangwi mwaka 1914, na sauti hukimbia majini kama mita 1,500 kwa sekunde. Kwenye kina kirefu ni sawa kabisa. Lakini kati ya ufuo wetu na mwamba, sauti inagonga mchanga, inagonga uso wa maji, inarudi imevurugika, halafu mawimbi yanapasuka mwambani na kamba wadogo wanaalisha kucha mchana na usiku. Hapo ndipo redio inapata nafasi ya pili. Kwenye maji mafupi, wimbi la masafa ya chini linaweza kupanda hatua chache, likatambaa hewani juu ya maji, kisha likazama kwa kifaa jirani. Kina kifupi, kinachoiua sauti, ndicho kinachoiokoa redio.

Kwa nini hili linanikera? Kwa sababu ya 1998. Joto la El Niño liliyageuza matumbawe ya pwani hii kuwa meupe, Diani mpaka Kisite, na sehemu kubwa ikafa. CORDIO, wanaochunguza matumbawe, walianzishwa 1999 kwa sababu ya balaa hilo. Tangu hapo kuna vidude vya kurekodi joto vinavyofungwa mwambani, lakini taarifa inakaa humo mpaka mpiga mbizi akaifuate. Yaani maji yakichemka leo, tutajua siku atakayoshuka mtu. Setilaiti zinatoa tahadhari, sawa, ila zinaona ngozi ya juu ya bahari, sio kidimbwi cha Msambweni wakati wa bamvua, maji yamekupwa na jua limepanda.

Mimi nasema wahandisi wetu waache kuiga mitambo ya bahari kuu, waanzie hapa kwenye maji ya kifuani. Na ujumbe usiishie Nairobi. Ufike kwanza kwenye simu ya mvuvi wa Gazi na ya mama anayetafuta pweza, manake wao ndio wanaoamua leo watege wapi. Betri ndiyo itasumbua, pamoja na nyavu kunasa antena. Basi walipwe wavuvi wenyewe kuvitunza vile vidude. Wanapita pale na ngalawa kila siku, na wanajua kila jiwe lilipo.