Sauti Inayobeba Nyingine: Historia ya Tuba na Ndugu Zake

Miaka mingi iliyopita nilitembea katika maandamano ya Sakramenti Takatifu, fanfari ikitangulia na waamini wakiimba nyuma yake. Katikati ya njia vali moja ya tuba ilikwama, na mpigaji wake akalazimika kunyamaza. Wenye tarumbeta waliendelea bila wasiwasi. Punde si punde hatua zilianza kupishana, wimbo ukapanda juu kidogo kidogo, na watu wa mkiani wakawa wanaimba kwa sauti tofauti na wale wa mbele. Hakuna aliyesema kwamba tuba imenyamaza. Kila mtu alihisi tu kuwa jambo fulani limeharibika. Tangu siku ile nimejiuliza chombo hiki kilitoka wapi, na kwa nini kazi yake haitambuliwi mpaka kinapokosekana. Historia inalo jibu, nalo linaanzia ndani ya kanisa.

Jina la kale, chombo kipya

Kwanza tuondoe kosa moja. Wanaosoma Biblia ya Kilatini hulikuta neno tuba mara nyingi: katika tarumbeta mbili za fedha alizoagizwa Musa katika kitabu cha Hesabu, katika parapanda ya mwisho anayoitaja Mtume Paulo kwa Wakorinto, na katika tarumbeta saba za Ufunuo. Lakini tuba ya Waroma haikuwa chombo tunachokijua leo. Ilikuwa bomba la shaba lililonyooka, lenye urefu wa mita moja na zaidi kidogo, lisilo na vali wala tundu la vidole. Jeshi lilitumia sauti yake kali kutoa amri ya kushambulia na ya kurudi nyuma. Tuba ya leo imerithi jina hilo tu. Ukoo wake wa kweli ni mwingine.

Nyoka wa Auxerre

Ukoo huo tunaupata Ufaransa. Padre Jean Lebeuf, mwanahistoria wa jimbo la Auxerre, aliandika mwaka 1743 kwamba chombo kiitwacho nyoka kilibuniwa katika mji huo mnamo 1590 na kanoni Edmé Guillaume. Wataalamu wa baadaye wamejadiliana kuhusu mwaka na mtu huyo, lakini hakuna anayekana kwamba chombo chenyewe kilienea katika makanisa ya Ufaransa, na kwamba kazi yake ilikuwa kuhimili nyimbo za Gregoriani.

Kilikuwa bomba la mbao lenye urefu wa karibu mita mbili na nusu, lililofunikwa kwa ngozi. Kwa kuwa hakuna mkono wa mwanadamu unaoweza kufikia matundu ya bomba refu kiasi hicho likiwa limenyooka, mafundi walilipinda mara kadhaa kama nyoka atambaaye, na hapo ndipo jina lilipotoka. Mpigaji aliweka midomo yake kwenye kikombe kidogo cha pembe au cha meno ya tembo, akafunga na kufungua matundu sita kwa vidole.

Kwa nini waimbaji walihitaji msaada huo? Kila mwalimu wa kwaya anajua kwamba watu wanaoimba bila chombo hushuka au hupanda bila kujitambua, hasa wimbo ukiwa mrefu. Sikio hutafuta mahali pa kusimama, na mahali hapo mara nyingi ni sauti ya chini kabisa. Parokia nyingi hazikuwa na kinanda kikubwa. Mtu mmoja mwenye nyoka wake, akisimama kando ya waimbaji, aliwapa sakafu ya kukanyaga. Hakupewa wimbo wa peke yake. Alipiga kile walichoimba wengine, ili wasipotee.

Kasoro yake ilijulikana. Matundu yaliwekwa pale vidole vinapofika, wala si pale kanuni ya sauti inapodai. Hivyo noti nyingine zilitoka imara na nyingine zilitoka dhaifu, na mpigaji alipaswa kuzisahihisha kwa midomo yake. Mtunzi Hector Berlioz aliuona mlio huo kuwa wa kishenzi. Hata hivyo yeye mwenyewe, katika simfonia yake iliyopigwa Paris tarehe 5 Desemba 1830, aliukabidhi wimbo wa wafu, ule uitwao Dies irae, kwa vyombo vya chini ambavyo nyoka alikuwa mmoja wao. Wasikilizaji wake walikuwa wamezoea kuusikia wimbo ule kanisani pamoja na mlio huohuo.

Kutoka kanisani kwenda jeshini

Katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19 majeshi ya Ulaya yalikuza bendi zao, nayo yakahitaji besi yenye nguvu ya kusikika nje, tena inayoweza kupigwa na mtu anayetembea. Nyoka alichukuliwa, lakini hakutosha. Huko Paris fundi Jean Hilaire Asté, aliyejulikana kwa jina la Halary, alitengeneza chombo cha shaba chenye vifuniko vikubwa vya matundu, akapata hataza yake mwaka 1821. Alikiita ofikleidi, jina lililoundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya nyoka na ufunguo. Berlioz alikitumia katika Misa yake kuu ya wafu, iliyopigwa mwaka 1837 katika kanisa la Invalides mjini Paris, ambapo makundi manne ya vyombo vya shaba yaliwekwa kwenye pembe nne kuiga parapanda ya siku ya mwisho.

Wakati huohuo Ujerumani kulikuwa na ugunduzi mwingine. Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel walipata hataza ya vali mwaka 1818. Kanuni yake ni rahisi: mpigaji anapobonyeza vali, pumzi hupitishwa katika kipande cha bomba cha ziada, bomba likirefuka, sauti hushuka. Kwa kawaida vali ya pili hushusha nusu toni, ya kwanza hushusha toni moja, na ya tatu hushusha toni moja na nusu. Kwa hiyo haikuwa lazima tena kutoboa matundu ubavuni mwa chombo.

Tarehe 12 Septemba 1835, mjini Berlin, Wilhelm Wieprecht, kiongozi wa bendi za walinzi wa mfalme wa Prussia, pamoja na fundi Johann Gottfried Moritz, walipata hataza ya chombo walichokiita tuba ya besi. Kilikuwa na vali tano na kilipangwa katika F. Hiyo ndiyo siku ya kuzaliwa kwa tuba tunayoijua.

Aina zake

Tangu hapo familia ikapanuka. Tuba za besi hupangwa katika F au E bemoli, nazo zina bomba la karibu mita nne likinyooshwa. Tuba za kontrabesi, za C au B bemoli, zina bomba la karibu mita tano hadi tano na nusu. Kadiri bomba linavyorefuka ndivyo sauti inavyozama, na ndivyo pumzi nyingi zaidi inavyohitajika. Eufoniamu ni ndogo, na jina lake lina maana ya sauti nzuri. Mara nyingi hupewa nyimbo za kati zenye utamu. Helikoni huzunguka mwili na kukaa begani, ili mtu aweze kutembea nayo. Katika miaka ya 1890 Marekani ilibadili umbo hilo, ikazaa susafoni, iliyopewa jina la kiongozi wa bendi John Philip Sousa. Iko pia tuba ya Wagner, ambayo hupigwa na wapiga pembe. Ilitumika katika tamthilia zake za muziki huko Bayreuth mwaka 1876, na baadaye Anton Bruckner, mpiga kinanda wa kanisa na Mkatoliki mwenye ibada, aliitumia katika simfonia yake ya saba.

Mtu mwingine anastahili kukumbukwa nasi Wakongo: Adolphe Sax, mzaliwa wa Dinant, Ubelgiji. Katika miaka ya 1840 alitengeneza jamii nzima ya vyombo vya vali, kuanzia kidogo chenye sauti ya juu hadi kikubwa cha besi, vyote vikibonyezwa kwa mpangilio mmoja wa vidole. Aliyejifunza kimoja aliweza kuhamia kingine bila kuanza upya. Kwa njia hiyo wafanyakazi na wanavijiji wa Ubelgiji, Ufaransa na Uingereza waliunda bendi zao. Desturi hiyo ndiyo iliyofika kwetu pamoja na wamisionari na maofisa wa Force Publique. Baadaye Wakongo waliifanya kuwa mali yao. Ndugu zetu Wakimbangu, kwa mfano, wanajulikana mbali kwa fanfari zao.

Swali la mlango wa kanisa

Chombo kilichotoka kanisani na kupitia jeshini, je, kingeweza kurudi? Tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pio wa Kumi alitoa waraka kuhusu muziki mtakatifu. Alikataza kabisa bendi kupiga ndani ya kanisa, lakini aliacha njia mbili: askofu aliweza kuruhusu vyombo vichache vya kupuliza, vilivyochaguliwa kwa busara, tena katika maandamano ya nje aliweza kuruhusu fanfari, mradi isipige vipande vya kidunia. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikiheshimu kinanda cha mabomba, ukakubali vyombo vingine kwa idhini ya wenye mamlaka, vikiwa vinafaa kwa ibada na vinawajenga waamini. Katika hati zote mbili swali ni lilelile: je, chombo kinasaidia sala ya watu, au kinaifunika?

Kwa kipimo hicho tuba haina sababu ya kuona haya. Ilitokana na haja ya waimbaji. Hata ilipopata heshima ya kipekee, ilichelewa kuipata: mwaka 1954 Ralph Vaughan Williams, akiwa na umri wa miaka 81, aliitungia konseto, nayo ikapigwa London na Philip Catelinet pamoja na okestra. Zaidi ya karne moja ilikuwa imepita tangu Berlin.

Ninapowauliza vijana wetu wanataka kujifunza chombo gani, karibu wote hutaja tarumbeta. Siwalaumu, maana tarumbeta husikika na hupigiwa makofi. Lakini fanfari ya tarumbeta tupu ni nyumba ya paa lisilo na msingi. Tukiwa na tuba ya zamani iliyolala stoo ya parokia, tuitoe, tulegeze vali zake kwa mafuta, tumtafute kijana mwenye pumzi na uvumilivu. Na siku maandamano yatakapokwenda vizuri, hatua zikipatana na wimbo ukibaki mahali pake, tumkumbuke yeye pia kwa neno la shukrani, kwa sababu huenda hakuna mwingine atakayemwona.