Bei na Thamani: Safari ya Ducati ya Silinda Nne

Kiswahili kina neno bei na kina neno thamani, na dalali huweza kunadi moja tu kati ya hayo mawili. Mwaka 2020 nyumba ya mnada ya Bonhams ya Uingereza ilizitia mnadani pikipiki zaidi ya 200 zilizokusanywa na Giancarlo Morbidelli wa Pesaro, mji wa Italia uliopo ufukweni mwa Bahari ya Adriatiki. Miongoni mwake ilikuwamo pikipiki ndogo ya mbio, Ducati ya sentimita za ujazo 125 ya mwaka 1964, iliyokadiriwa kuwa na bei ya pauni kati ya 400,000 na 600,000. La kushangaza ni kwamba pikipiki hiyo haikupata kushinda hata shindano moja la ubingwa wa dunia. Mtu anayetaka kuelewa makadirio hayo sharti arudi nyuma, kwenye karakana ilikoundwa.

Muundaji wake alikuwa Fabio Taglioni, mhandisi aliyejiunga na kiwanda cha Ducati cha Bologna mwaka 1954. Katika injini za wakati ule vali zilifungwa kwa nguvu ya springi, na injini ilipozunguka kwa kasi mno springi zilishindwa kurudi kwa wakati, vali zikagongana na pistoni. Taglioni aliziondolea springi kazi hiyo, akaweka mtambo wa chuma wa kuzifungua vali na wa kuzifunga pia. Mwaka 1956 pikipiki yake ya kwanza ya aina hiyo ilishinda mashindano ya Sweden mara tu ilipotolewa, ikiendeshwa na Gianni Degli Antoni. Furaha haikudumu, kwani mwaka huohuo kijana huyo alifariki kwa ajali katika uwanja wa Monza.

Mwaka 1958 Ducati ilishika nafasi zote tano za mwanzo katika mbio za Monza za daraja la 125, na bado ubingwa wa dunia wa mwaka huo ukachukuliwa na Carlo Ubbiali wa MV Agusta. Baada ya hapo kiwanda kiliupa mgongo uwanja wa mbio. Sababu zilikuwa za soko zaidi kuliko za michezo. Magari madogo ya Fiat, lile la 600 la mwaka 1955 na la 500 la mwaka 1957, yalikuwa yameanza kuwatoa Waitaliano juu ya pikipiki, na wanunuzi wakipungua, fedha za mbio huwa za kwanza kukatwa.

Hata hivyo Taglioni hakuiacha fikra yake. Alichora injini ya sentimita za ujazo 125 iliyogawanywa katika silinda nne zilizopangwa safu moja, kila moja ikiwa na vali nne. Ujazo wa silinda moja ulikuwa kama sentimita 31, yaani chini ya kikombe kidogo cha kahawa. Maana ya kazi hiyo ya usonara ni kwamba pistoni ndogo ni nyepesi, na iliyo nyepesi huweza kupanda na kushuka mara nyingi zaidi kwa dakika bila kuvunjika. Na injini inayozunguka haraka zaidi hutoa nguvu nyingi zaidi kwa ujazo uleule.

Wahenga husema kawia ufike. Ni nasaha njema kwa msafiri, lakini katika mbio anayekawia hafiki. Honda ya Japani ilitia mguu kwa mara ya kwanza katika mashindano ya Kisiwa cha Man mwaka 1959, na kufikia mwaka 1961 ilikwisha kutwaa ubingwa wa dunia wa daraja la 125 na la 250. Mwaka 1964 Luigi Taveri wa Uswisi alikuwa bingwa wa daraja la 125 juu ya Honda ya silinda nne, na mwaka uliofuata Wajapani walileta ya silinda tano. Injini ya Taglioni ilikuwa kazi ya ustadi mkubwa, ila ilijibu swali ambalo wenzake walikwisha kulijibu. Ikawekwa kando.

Kilichofuata ni kisa cha kutawanyika. Injini na mwili wake vilitengana, kila kimoja kikashika njia yake. Injini ilikuja kupatikana Riga, nchini Latvia, na fremu ikapatikana katika ardhi ya Yugoslavia. Aliyeviunganisha tena alikuwa Morbidelli, na yeye hakuwa tajiri wa kununua asichokijua. Alizaliwa mwaka 1934, akaanzisha kiwanda cha mashine za useremala, na faida ya mbao akaitia katika mbio. Pikipiki zenye jina lake zilitwaa ubingwa wa dunia wa daraja la 125 miaka ya 1975, 1976 na 1977, na wa daraja la 250 mwaka 1977, mbele ya viwanda vikubwa kuliko chake mara nyingi. Mtu wa namna hiyo alipoiona injini iliyoachwa, alitambua jasho lililokuwamo ndani yake.

Morbidelli alifariki mwezi Februari mwaka 2020, na katika mwaka huohuo nyundo ya mnada ikagongwa. Hapo ndipo penye uchungu wa kisa hiki. Aliyetumia umri wake kukusanya vilivyotawanyika, mkusanyo wake mwenyewe ukatawanyika. Warithi wana haki yao, na jumba la makumbusho halijiendeshi kwa mapenzi matupu. Lakini pikipiki zilizosimama pamoja zilisimulia historia ya ufundi wa taifa zima, na kila moja ikienda kwa mnunuzi wake husimulia kipande tu.

Hata hivyo si zote zilizoondoka. Takriban 70 zilinunuliwa na ASI, chama cha Italia cha vyombo vya kale, zikabaki Pesaro katika makumbusho ya Officine Benelli, ndani ya majengo ya kiwanda cha zamani cha Benelli. Kiwanda hicho kilianzishwa mwaka 1911 na mjane Teresa Benelli, aliyetoa mali ya familia ili wanawe sita wapate karakana ya kufanyia kazi. Mama huyo alitoa alichokuwa nacho ili ufundi ukae nyumbani, na pikipiki hizo 70 leo zimekaa palepale alipoukalisha.