Chuma Katika Unga Wetu

Somo letu la leo ni habari ya chuma kilicho katika chakula. Chuma hicho hujenga damu. Kikipungua, mtu huchoka upesi, na mama mjamzito huwa hatarini wakati wa kujifungua.

Zamani wazee wetu walikula ulezi uliosagwa mzima kwa jiwe. Katika karne ya 16 Wareno walileta mahindi, yaliyotoka Amerika. Baadaye zikaja mashine za kukoboa, na watu wakapenda sembe nyeupe. Lakini mahindi yakikobolewa, pumba na kiini huondolewa, na sehemu kubwa ya chuma huenda navyo. Kuku apewaye pumba hula chuma tulichokitupa!

Kwa hiyo mwaka 2011 Tanzania iliweka kanuni ya kutia chuma katika unga wa viwandani. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2012. Lakini mashine nyingi ndogo za vijijini haziongezi kitu.

Basi, kuleni dona, maharage na dagaa, pamoja na chungwa au limau, lisaidialo chuma kuingia mwilini. Chai huzuia chuma. Inyweni baada ya saa moja.