Kimondo cha Ndolezi

Vitabu vyasema kimondo cha Mbozi kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi W. H. Nott. Sisi twasema mwaka huo kiliandikwa tu. Wazee wa Wanyiha, watu waliojua kuyeyusha chuma, walikijua tangu zamani wakanyamaza. Hata wao hawakusimulia moto wala kishindo cha kuanguka kwake, na shimo lake limekwisha kujaa udongo. Ndipo wataalamu wakakisia miaka maelfu. Ni chuma chenye nikeli, uzito wake yapata tani 16. Je, Mkristo aogope vipimo hivyo? Hasha! Muumba hakutukataza kupima kazi yake. Wala tusiucheke ukimya wa wazee, maana nao ulikuwa heshima. Leo kimondo chakaa Ndolezi juu ya jukwaa la saruji.