Tone la Dizeli Katika Injini ya Gesi

Leo naanza na kosa langu mwenyewe. Mfugaji mmoja wa Mbagala, Wilaya ya Temeke, ana ng'ombe wa maziwa na mtambo wa gesi ya samadi. Ana pia injini ya dizeli ya silinda moja inayozungusha mashine ya kukatia majani. Tulivuta bomba la gesi mpaka kwenye njia ya hewa ya injini, ikanguruma vizuri, na dizeli ikaanza kudumu. Mzee akaniuliza, "Bwana shamba, kwa nini tusiifunge kabisa hiyo dizeli?" Nikamwambia aendelee kuipunguza mpaka aone mwisho wake. Mwisho aliuona. Baada ya wiki chache injini ilikuwa inagonga kama nyundo ya mhunzi, ncha ya nozeli imeziba kwa masizi, na ng'ombe wanakatiwa majani kwa panga.

Ili uelewe nilipokosea, hebu turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani, alipata wazo lake mwanzoni mwa miaka ya 1890, na injini yake iliyofaulu ilijaribiwa mjini Augsburg mwaka 1897. Hakutaka cheche. Alishindilia hewa tupu ndani ya silinda mpaka ikawa ya moto sana, kisha akaingiza mafuta, yakashika yenyewe. Ukiijaza upepo baiskeli yako, shika pampu kwa chini utaona ina joto. Ni jambo lile lile.

Taabu ilikuwa namna ya kuyaingiza. Hewa iliyoshindiliwa inasukuma kwa nguvu nyingi, na mafuta lazima yaishinde, tena yaingie kama ukungu mwembamba. Yakiingia kama matone makubwa hayaungui yote, yanaacha masizi. Diesel aliyapuliza kwa hewa ya kompresa, na kompresa ile ilikuwa nzito mno, ndiyo maana injini zake za mwanzo zilikaa viwandani na melini. Lori na trekta vilingoja pampu ndogo inayosukuma mafuta yenyewe bila msaada wa hewa. Kampuni ya Robert Bosch ilianza kuiunda kwa wingi mwaka 1927. Muda mfupi baadaye kampuni ya Lister ya Uingereza ikatoa ile injini ya polepole yenye magurudumu mazito, ambayo pamoja na nakala zake za India imesaga mahindi mengi sana Afrika.

Injini ya namna hii haichagui sana chakula. Kwenye Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 mojawapo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Diesel alieleza baadaye kwamba serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio hilo, ikifikiria karanga za makoloni yake ya Afrika. (Wazee wetu walioona mashamba ya karanga ya Waingereza kule Kongwa kuanzia mwaka 1947 wanajua mipango kama hiyo ilivyoishia.)

Hapa Dar es Salaam mafuta yaliingilia upande wa Temeke. Kiwanda cha TIPER cha Kigamboni, siku zile ndani ya wilaya hiyo, kilianza kusafisha mafuta ghafi mwaka 1966. Bei ilipopanda duniani mwaka 1973, na tena 1979, wenye umri wao wanakumbuka magari binafsi yalivyozuiwa barabarani Jumapili alasiri. Katikati ya shida hiyo, mwaka 1974, gesi iligunduliwa Songo Songo, Kilwa. Miaka ya 1980 ulikuwepo mpango wa kuigeuza mbolea huko huko Kilwa, nasi watu wa kilimo tunausikitikia hadi leo. Gesi ikabaki chini miaka 30. Mwaka 2004 ilifika Ubungo kwa bomba, wakati huo Ubungo ikiwa sehemu ya Kinondoni.

Huko huko Kinondoni, pale Tegeta, kulikuwa na injini kumi kubwa za Wärtsilä za kituo cha IPTL, megawati 100 kwa jumla, zilizoanza kuuza umeme mwaka 2002 kwa mafuta mazito. Ilikusudiwa zibadilishwe zitumie gesi. Hazikubadilishwa. Habari za fedha na kesi zake nawaachia wengine. Mwaka 2009 Tanesco ilipata kituo kingine pale Tegeta, cha megawati 45, na injini zake ziliundwa kwa ajili ya gesi tangu kiwandani: zina plagi.

Injini ya mzee wa Mbagala haina plagi, na hapo ndipo penye kiini. Dizeli hushika yenyewe kwenye joto la nyuzi 200 na ushei. Methani, iwe ya Songo Songo au ya samadi, hutaka zaidi ya 500, na hata hapo haina haraka. Kwa hiyo gesi huingia pamoja na hewa, hushindiliwa bila kuwaka, na pistoni inapokaribia juu nozeli hurusha dizeli kidogo. Hiyo dizeli ndiyo kibiriti. Gesi ikiongezwa, injini hutaka kukimbia, gavana huhisi na kupunguza dizeli bila kuambiwa na mtu.

Lakini dizeli inayopita ndiyo pia inayopoza nozeli. Ikipungua mno, ncha huungua, ukungu hugeuka matone, kibiriti hudhoofika na kuchelewa. Gesi nayo ikizidi hulipuka ovyo pembeni mwa silinda, ndiyo ule mgongano.

Tulisafisha nozeli, tukafunga boliti ya kuzuia pampu isishuke chini ya sehemu moja ya tano ya dizeli ya kawaida. Gesi tukaipitisha kwenye mkebe wenye nyuzi za chuma zenye kutu, maana ya samadi ina salfa inayokula vyuma. Sasa mzee huwasha kwa dizeli tupu, huacha injini ipate moto, ndipo anafungua gesi polepole, tena majani yakiwa tayari mdomoni mwa mashine, kwa kuwa injini isiyo na mzigo huichoma gesi vibaya. Ikigonga, anafunga gesi kwanza.